Nyumba Ambayo Haikuwa Boma

Baba yangu alinuka saruji. Si ile kavu ya kwenye mfuko, bali ile mbichi iliyochanganywa na maji na mchanga wa mto, ikakutana na jasho la mchana kutwa na kukaukia shingoni. Aliporudi jioni tulimjua kwa pua kabla hajagusa mlango, na mama alimzuia kizingitini mpaka anawe, akisema hawezi kupika ugali na kiwanda ndani ya nyumba moja. Suruali zake zilikauka kwenye kamba zikawa ngumu kama mbao, na sisi watoto tulikuwa tukizigonga kwa vidole ili tusikie zinavyolia. Jina lake lilikuwa Owuor, lakini Migori nzima ilimwita Fundi. Mji wenyewe wakati ule, katika miaka ya sitini, ulikuwa mstari mmoja wa maduka kando ya barabara ya vumbi iliyoteremka kwenye mto, ikavuka na kuendelea hadi mpaka wa Tanzania. Nikipita pale na baba alinionyesha ukuta mmoja baada ya mwingine na kuniambia: huu ni wangu, na ule, na ile ngazi ya kanisa la Wakatoliki. Alisema "wangu" kwa namna ya mwashi, yaani kuta alizoziinua kwa mikono yake na kuwaachia wenyewe.

Kwa kweli hakuwa na ukuta hata mmoja. Tulikuwa wapangaji, na la kuchekesha zaidi ni kwamba nyumba tuliyopanga aliijenga yeye mwenyewe, kwa ujira wa siku, wakati mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Ilikuwa ya mawe, yenye vyumba viwili, paa la mabati na sakafu nyekundu ambayo mama aliisugua kila Ijumaa ili Sabato iikute inang'aa. Mwenye nyumba alikuwa Bwana Jiwan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeuza vitambaa na sukari mbele ya barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alitupa peremende siku za sikukuu zake na kutuuliza habari za shule. Lakini alikuwa na sheria zake: usipigilie misumari ukutani, usifuge mbuzi, usitwange kitu uani baada ya chakula cha mchana kwa sababu wakati huo yeye analala. Basi nguo zetu tulizirundika juu ya sanduku, na ungo wa mama ulikaa sakafuni ambako kila siku mtu aliukanyaga. Kabla ya hapo mama alikuwa amekwisha kuhama nyumba tano tangu aolewe. Alizitaja kwa kasoro zake: ile ya kunguni, ile ya kuvuja, ile ya mama mwenye nyumba aliyehesabu kuni zetu. Akizitaja hakucheka, ingawa sisi tulicheka.

Ili msomaji aelewe kwa nini mwashi hodari hakujijengea, lazima nieleze mila yetu. Kwetu Waluo nyumba ni kitu kimoja na boma ni kitu kingine. Nyumba ni kuta na paa. Mwenye pesa yeyote anaweza kuipata. Boma, ambalo sisi tunaliita dala, hufunguliwa. Mwanamume hutoka alfajiri katika boma la baba yake pamoja na mke wake wa kwanza na mwanawe wa kwanza wa kiume, wakibeba shoka, jogoo na moto, na mbele ya wazee nyumba ya kwanza husimama na kulalwa siku hiyohiyo. Tangu hapo huyo ni mtu mwenye kwake. Na jambo hili lina foleni. Kaka mkubwa hutangulia, mdogo hufuata, na mdogo anayemruka mkubwa huleta chira, ule ugonjwa wa kukonda usiosikia dawa, ambao huweza kumpata yeye au, vibaya zaidi, watoto wake. Baba alikuwa mdogo. Mkubwa wake, Baba Mkubwa Ouma, aliishi nyumbani kwao upande wa Homa Bay, katika kibanda chake cha ujana ndani ya boma la marehemu babu, na hakuweza kufungua boma kwa sababu hakuwa na mke. Aliwahi kuwa naye. Mke huyo alikwenda kusalimia kwao na hakurudi tena, na Baba Mkubwa hakumfuata wala hakuoa mwingine. Alisuka viti vya kamba, alichunga mbuzi wake wachache, akazungumza na kila apitaye njiani. Na baba yangu alikaa foleni nyuma yake mwaka baada ya mwaka, akiwajengea watu wengine.

Wenzake walimtania sana kwa hilo. Walimwita daktari asiye na dawa. Yeye alicheka nao, lakini nilikuwa nimemwona siku moja amesimama kwenye kiwanja cha mwalimu mmoja, kazi imekwisha, mwiko wa kupakia saruji ukiwa bado mkononi, akiitazama nyumba ile mpya kwa muda mrefu mno. Nilimhurumia, kisha nikamkasirikia. Nilikuwa na miaka kumi na sikuona sababu ya mtu kuogopa kibanda cha kaka yake.

Mwaka huo ulikuwa mmoja wa ile ya mwisho ya sitini. Wafanyabiashara wa Kihindi wasiokuwa na uraia walikuwa wameanza kunyimwa leseni, na mmoja baada ya mwingine walifunga milango. Mke wa Bwana Jiwan alitangulia na watoto. Majuma machache baadaye Bwana Jiwan mwenyewe alikuja uani kwetu, jambo ambalo hakulifanya isipokuwa mwisho wa mwezi, akakataa kiti na kusimama akizungusha funguo mkononi. "Fundi, mimi nakwenda," alimwambia baba. "Hii nyumba ulijenga wewe, basi nunua wewe. Mpaka mvua ianze nangoja. Baada ya hapo nampa yule mtu wa ngozi." Baba alimshukuru na kusema atafikiri. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua, ila mikono yake ilikwenda polepole, na mchele ule ulikuwa umekwisha kuwa safi.

Mtu wa ngozi alikuwa mnunuzi wa ngozi za ng'ombe kutoka mpakani. Alikuja juma lilelile, asubuhi baba akiwa kazini, tukiwa tumezunguka sufuria la uji. Hakupiga hodi. Aliingia na viatu vyake juu ya sakafu nyekundu, akapima chumba kwa hatua, akahesabu kwa sauti, akatazama juu kwenye mbao za paa. "Hapa ngozi itaingia mingi," alisema, kama vile hakuna mtu. Kisha akalifunua pazia la chumba cha mama na kuchungulia kitandani. Mama alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama namna ile, taratibu, kama anayenyanyua mzigo. "Hodi inapigwa nje, bwana," alimwambia. "Huku ni kwangu." Yule mtu alimwangalia, wala hakukasirika. Alitabasamu tu. "Kwako? Si wewe ni mpangaji tu, mama?" Akaliachia pazia likarudi, akamaliza kupima, akatoka. Uji ulipoa na hakuna aliyeutaka. Mama alichukua kitambaa, akapiga magoti na kufuta nyayo zile moja moja mpaka mlangoni, na aliponyanyuka alikuwa amekwisha kuamua. Nasema hivyo kwa sababu niliuona uso wake. Baba ndiye aliyehitaji majuma matatu zaidi.

Majuma hayo matatu walibishana bila kupandisha sauti, kwa heshima, wakiitana Baba Achieng' na Mama Achieng', jina langu likipita kati yao kama mpira. Baba alisema kupanga hakuna lawama. Mpangaji hufunga mzigo wake akaenda, na hakuna mzee atakayemwuliza chochote. Kulikuwa na vyumba vingine vya kupanga karibu na kituo cha mabasi, na kule Masara waliochimba dhahabu waliacha vibanda vizima. Tungengoja. Ouma angeoa siku moja, na foleni ingesogea. Mama alijibu kwamba amengoja nyumba tano na hii ni ya sita. Kwamba Ouma haoi, hata posa hajawahi kupeleka. Kwamba vibanda vya Masara vimeachwa kwa sababu vinaanguka. Na kwamba hatalea watoto wanne katika vyumba ambamo mtu yeyote mwenye pesa anaweza kufunua pazia lake. Pesa haikuwa sababu ya kukataa. Baba alikuwa ameweka kidogo kutoka kwenye ujira wake, na mama kutoka kwenye samaki wakavu aliouza sokoni, na Bwana Jiwan hakutaka makuu. Sababu ilikuwa ile moja tu. "Nikinunua nyumba ya mawe," baba alisema, "watu watasema nimejenga. Nimemruka kaka yangu. Halafu mmoja wa hawa akipata homa, utamwambia nani?" Aliposema "hawa" alituangalia, na hasira yangu kwake ikapungua kidogo, kwa sababu nilielewa kwamba anatuogopea sisi.

Halafu siku moja baba akarudi kazini amechangamka, akanawa kabla hajaambiwa, akasema: basi, tutanunua. Mama alimtazama kwa furaha, na baada ya furaha kwa mashaka. Alimjua mumewe, hakuwa mtu wa kugeuka ghafla. Jibu alilipata kesho yake dukani, alipokwenda kununua chumvi na mimi nikiwa nimemshika kanga. "Mama Achieng'," Bwana Jiwan alimwita kutoka nyuma ya meza, "huyu Ouma atakuja lini? Karani wa ploti anataka mtu mwenyewe." Mama aliuliza Ouma gani. Akaambiwa: Ouma, kaka ya Fundi, ambaye jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye karatasi. Fundi mwenyewe ndiye aliyeomba hivyo.

Ndivyo baba alivyokuwa ameutatua mtihani wake. Ikiwa karatasi itasema nyumba ni ya Ouma, basi mkubwa ndiye aliyetangulia, mdogo hajamruka mtu, na sisi tutaishi humo kwa usalama. Pesa zetu, samaki wa mama, mawe aliyoyachonga baba, na jina la mtu ambaye hajawahi hata kuona Migori. Leo nikiwasimulia wanangu wanacheka mpaka machozi, na mimi hucheka nao, lakini naomba mniamini kwamba baba hakuwa mjinga. Alikuwa amewaza kwa makini sana na akafika mahali pabaya, ndani ya njia ambayo kila mtu wa kwetu angeielewa. Mama hakupiga kelele. Usiku huo alimwuliza neno moja tu: "Na Ouma akiamua kuoa, huyo mke ataishi wapi?" Ijumaa mama alipika chakula cha siku mbili kama kawaida, Jumamosi tukaenda kanisani na kuimba, na Jumapili alfajiri akanivika gauni langu la kijani na kumwambia baba kwamba tunakwenda Homa Bay kumsalimu shemeji yake.

Tulishuka kwenye basi la asubuhi na kutembea tukiwa na kilima cha Asego mgongoni, ziwa likimeta upande mmoja mpaka macho yakauma. Upepo ulinuka matope na omena walioanikwa. Mama alitembea haraka kuliko kawaida yake na hakunieleza chochote, ila mara moja alisimama, akanifunga upya kitambaa cha kichwa na kusema, "Leo usiongee mpaka uulizwe." Tulimkuta Baba Mkubwa kwenye mlango wa kibanda chake, kiti cha kamba nusu kimesukwa kati ya magoti. Alifurahi kwelikweli. "Nyar Gem!" alimwita, yaani binti wa Gem, kwa jina la kwao kama shemeji wanavyoitana kwetu, na akakimbia kumtafutia kiti ambacho hakijatoboka. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vicheko vingi, na koti moja la sufu alilovaa hata juani. Tuliandaliwa chai. Walizungumza habari za mbuzi, za mvua, za nani amekufa. Kisha Baba Mkubwa akatoa yeye mwenyewe habari ya nyumba. Alikuwa ameshapata salamu kutoka kwa baba na alionekana ameipenda. Alisema kwa kujisifu kidogo kwamba katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuandikwa kwenye karatasi ya ploti.

"Ni kweli, shemeji," mama alimjibu, akipuliza chai yake. "Nimekuja kukupongeza. Watu wote watajua sasa kwamba Ouma amejenga. Watakuja kuuliza tu umejenga na mke gani."

Baba Mkubwa aliacha kusuka. Mama aliendelea kwa sauti ileile ya upole, kama anayeuliza bei ya viazi. Alitaka kujua jogoo wake alikuwa wa rangi gani. Alitaka kujua nani alibeba moto, maana yeye kama mke wa nyumba ile hakuitwa. Alitaka kujua kama mwanamume anaweza kufungua boma peke yake siku hizi, na ikiwa wazee wameruhusu, basi amefurahi sana, kwa sababu ukoo umepiga hatua. Kila swali lilimfanya Baba Mkubwa ajikunyate ndani ya koti lake. Nilitamani kucheka, halafu nikaona macho yake na hamu ya kucheka ikaniisha. Alikuwa mtu aliyeachwa, na kila mtu kijijini alijua, na sasa shemeji yake alikuwa amegusa kidonda hicho kwa kidole. Mama naye aliona. Aliweka kikombe chini na kusema kwa sauti nyingine kabisa: "Sitaki kukuaibisha, shemeji. Nataka tu usikubali kitu ambacho kitakuaibisha." Akamweleza yote: yule mtu wa ngozi, pazia, nyumba tano, mvua iliyokuwa inakaribia. Alipomaliza, Baba Mkubwa aliuvuta uzi wa kamba mpaka ukakaza. Mwishoni akasema atakuja Migori mwenyewe, aone, na atasema yaliyo kweli.

Alikuja siku karani alipoitwa. Alivaa koti lake na kofia ya kuazima, akaizunguka nyumba ile mara mbili, akagonga kuta, akainama kutazama msingi, akamsifu baba kwa kazi yake mpaka baba akainama kwa haya. Kisha sote tukaenda dukani kwa Bwana Jiwan. Rafu zilikuwa tupu nusu, na vitambaa vilikuwa vimefungwa kwenye magunia. Karani wa baraza alikuwa kijana aliyevaa tai, mwenye haraka, ambaye alikuwa amekwisha kutandaza karatasi zake juu ya meza ya kukatia nguo. Watu wazima walisimama kuizunguka meza ile, na mimi nilikaa juu ya gunia nikiwa nimebana pumzi, kwa sababu nilijua kwamba tukitoka pale bila jina kwenye karatasi, mtu wa ngozi angekuwa ndani kabla ya mwezi kwisha, na tukitoka na jina la Ouma, mama angekuwa mpangaji wa shemeji yake mpaka kufa.

"Sasa jina ni gani?" karani aliuliza. "Niandike Ouma ama Owuor?"

"Mimi usiniandike," Baba Mkubwa alisema. "Hapa hakuna boma. Jogoo hakuwika hapa, shoka haikukata kitu hapa. Ndugu yangu alijenga hii nyumba vile amejenga choo cha shule. Ni nyumba tu." Baba alishtuka, kisha nikaona mabega yake yakishuka, mzigo mmoja umetoka. Alifungua mdomo kusema basi aandikwe yeye, akamtazama kaka yake kutafuta ruhusa, na kaka yake akatazama mbao za dari. "Ni nyumba tu," alirudia, "lakini watu wana midomo, Owuor." Midomo ile ndiyo iliyomfunga baba. Alishika kingo za meza kwa vidole vyake vilivyopasuka. Karani alitazama saa. Bwana Jiwan alizungusha funguo zake. Mambo yalikuwa yanaharibika mbele ya macho yangu, na yalikuwa yanaharibika kwa adabu kabisa, kila mtu akimheshimu mwenzake.

Hapo mama akasogea mezani. "Mmesikia wote," alisema. "Karani umesikia, Bwana Jiwan umesikia. Shemeji yangu, ambaye ndiye mkubwa, amesema hii si boma. Kama si boma, mila haina kazi hapa, na kama mila haina kazi, hakuna foleni. Andika jina langu, Dorka."

Kalamu ya karani ilibaki hewani. Alimtazama mama, akamtazama tena, akauliza kwa upole wa mtu anayezungumza na mfiwa: "Pole mama. Mzee alikufa lini?"

"Niko hapa," baba alisema. Alikuwa amesimama kando ya mama, mabega yao yanagusana.

Bwana Jiwan alianza kukohoa kwa kicheko. Baba Mkubwa alikunja uso, na nikamwona akipekua kichwani mwake, akitafuta katazo, huku midomo yake ikisogea bila sauti. Mwanamke hafungui boma, hilo lilijulikana. Lakini hakuna aliyefungua boma. Mwenyewe alikuwa ametoka kulisema mara mbili mbele ya mashahidi. Aliitoa kofia ya kuazima, akajikuna, na hatimaye akasema kwamba juu ya nyumba ambayo si boma yeye hajawahi kusikia wazee wakisema neno. Ikabaki kwa baba. Sote tulimtazama. Nilijua, hata katika umri ule, kwamba akikubali atakuwa kichekesho cha kila kiwanja cha ujenzi kutoka Migori mpaka Sindo. Yeye alijua vizuri kuliko mimi. Alimwangalia mama, na mama hakumwomba wala hakumsihi, alimwangalia tu. "Andika," baba alisema. Nimewahi kusikia hotuba nyingi za wanaume majasiri, na mpaka leo hakuna iliyolishinda neno hilo moja.

Jioni ileile mama aliazima nyundo ya baba na kupiga misumari ukutani. Alipiga mmoja wa ungo, mmoja wa kofia, mmoja wa kalenda, na mingine ambayo haikuwa na kazi yoyote. Baba alisimama nyuma yake akiugulia kila pigo. "Unaharibu lipu yangu, Mama Achieng'." Mama hakugeuka. "Ni lipu yangu," alimjibu, na msumari unaofuata ukaingia mpaka kichwani. Baba akaketi chini akacheka, na sisi tukacheka kwa sababu yeye alicheka. Alichekwa kweli na wenzake, miaka mingi. Waliuliza kama amelipa kodi mwezi huo. Yeye aliwajibu kwamba mwenye nyumba wake ni mkali lakini anapika vizuri kuliko wenye nyumba wao, akaendelea kupanga mawe.

Baba Mkubwa alioa baadaye sana, mjane mmoja mpole kutoka ng'ambo ya ghuba, akafungua boma lake akiwa na mvi. Siku hizo zilipotimia baba naye alitoka na shoka, jogoo na mama yangu mwenye moto, akafungua lake chini ya Asego, na huko ndiko wazazi wangu wote wawili wamelala. Mama hakupinga hilo kamwe. Alilipenda boma lile na alikuwa mke wa hapo hasa. Ardhi ya huko waliigawana ndugu zangu wa kiume, kama ilivyo desturi. Lakini ile nyumba ya Migori mama aliniandikia mimi, kwa karatasi aliyoitia sahihi mwenyewe, na ndugu zangu walipokutana kuijadili hawakuwa na la kusema, kwa kuwa hata mkubwa wao alikiri kwamba hakuna mtu aliyewahi kuiita boma. Naishi humo hivi sasa. Mji umeizunguka na kuipita kimo. Kulia kwangu kuna jengo la ghorofa nne lenye vyumba vya kupangisha, vimejaa vijana wanaofanya kazi kwenye machimbo ya Osiri, na sitakosea nikisema kwamba wanaume na wanawake wanapanga sawasawa na wanafukuzwa sawasawa. Siku hizi mwanamke anayenunua ploti Migori hasimamishi kalamu ya mtu yeyote. Sheria imeandika haki yake, benki inamwita mteja, na karani akimwuliza mumewe amekufa lini ataandikwa gazetini. Huwa najiambia tumefika mbali.

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu kutoka Nairobi. Ni mhasibu, ana shahada mbili, na mume mwema ambaye nampenda kama mwanangu. Waliona nyumba huko Rongai na wamekuwa wakipiga hesabu kwa majuma: mkopo, riba, umbali wa shule, kama ni afadhali kununua au kuendelea kupanga mpaka watoto wakue. Alinisomea yote kwa mpangilio mzuri, pande zote mbili, akataka ushauri wangu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza karatasi itakuwa na jina la nani. Nikasikia televisheni yao nyuma na mtoto akiomba maji. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hilo hawajaliongelea, kwamba mume wake ndiye anayeshughulika na wakili. Nikamwambia waliongelee kwanza, leo, kabla hawajalala, halafu anipigie tena habari za riba.